Mtandao Uliomjua Mzee Nyabuto

Walisema sitaweza kuifanya kompyuta ifanye kazi ya maana huku kwetu. Tena hawakunong'ona. Binamu yangu Mogaka, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Masimba, alisema mbele ya wateja wake, nami nimesimama hapo na begi langu la kutoka Dubai: "Onsare amerudi. Mpeni miezi michache tu, atakuwa anatuchajia simu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyetoka ng'ambo, cha kuwahurumia wasiojua.

Nawaambia mapema, vijana, ili msije mkayasikia kwa Mogaka mwenyewe: haikupita miezi mingi nikawa ninachaji simu. Mbili kati ya hizo zilikuwa zake.

Sasa nimestaafu, naishi Manga na kuku wangu, na ninyi mnaoandika programu mjini Kisii mnapanda mlima kuja kuniuliza swali lile lile: "Mzee, programu yangu ni nzito, nianzie wapi?" Mmekuja kwa mtu sahihi. Mimi nina diploma. Naitaja mwanzoni kwa sababu wenye digrii husubiri waulizwe, na mimi sijawahi kuulizwa.

Mnaanzia kwenye profaila. Programu ikiwa inafanya kazi, chombo hiki huichungulia mara nyingi kwa sekunde moja, na kila mara huuliza: sasa hivi ni nani anayefanya kazi? Nani alimwita? Na huyo naye aliitwa na nani? Majibu hupangwa ngazi kwa ngazi, kutoka kwa kipande cha programu kinachotoa jasho hadi kwa kile kilichoanzisha safari. Huo ndio mlolongo wa miito. Ukiupata na ukajua kuusoma, umejua muda unaliwa wapi, na unaliwa kwa amri ya nani.

Mgusii hahitaji kufundishwa jambo hili. Ukikutana na mzee kwenye kijia cha Manga, haulizi unafanya kazi gani. "Wewe ni wa nani?" Wa Makori. "Makori gani?" Makori wa Onsare. "Onsare wa nyumba ya mke yupi?" Anapanda hivyo hivyo hadi afike kwa mtu anayemjua, halafu anatulia. "Kumbe ninyi ndio mlikuwa na yule ng'ombe mkali." Amekwisha kukusoma. Mimi nililelewa katika usomaji huo, kwa hiyo mtanisamehe nikiwaambia kwamba nilipoupata kwenye kompyuta nilidhani nimezaliwa mtaalamu.

Kule Dubai nilifanya kazi na kampuni ya programu za maghala. Msimamizi wangu alikuwa Bi Rukia, mama wa Tanga aliyeongea taratibu na kukosoa taratibu zaidi. Kazi yangu ya kwanza ya profaila niliifanya kwa kishindo. Niliona kipande kimoja kimekaa kwenye kila mlolongo, hakikosekani hata mmoja, nikasema nimemshika mwizi. Nikakiandika upya chote. Programu ikabaki na uzito wake ule ule. Bi Rukia akaja, akavuta kiti.

"Onsare mwanangu, hicho ni kile kinachowasha programu."

"Ndiyo Bi Rukia, kiko kila mahali."

"Kila anayeingia nyumbani hupita mlangoni. Sasa wewe umemkamata bawabu."

Nilikuwa ninausoma juu chini. Vyombo vingine huweka aliyeanzisha juu, vingine huweka chini, na vingi vitakuruhusu kugeuza. Kabla hujamlaumu mtu, tazama kwanza kichwa kiko upande gani. Mimi na diploma yangu nilihitaji kuambiwa.

Kisha nikagundua rangi. Profaila nzuri hukuruhusu kupaka rangi vipande kadiri ya vilikotoka: hivi vya mfumo, hivi vya maktaba, yaani programu zilizokwisha kuandikwa tulizoazima kwa watu, hivi vyetu. Nikapaka vyangu kijani, kwa kuwa kijani kinapendeza. Halafu nikaona na vya jirani yangu ofisini vinafaa kijani, nisije nikaonekana mbaguzi. Mwishowe skrini yangu ilikuwa kama shamba la chai la Itumbe lililotazamwa kutoka mlimani, inapendeza sana na huoni kitu. Rangi ni ya kile unachokitafuta leo. Kesho unaifuta.

Hayo niliyajifunza, nikarudi nyumbani kama mtu mzima. Nilirudi na ujuzi na begi. Vingine vyote niliazima.

Chumba niliazimwa na Jayesh bhai, ambaye familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii tangu enzi za babu yake. Kilikuwa stoo ya juu, chenye harufu ya rangi na mabati, ila kilikuwa na soketi mbili. Aliponipa ufunguo alisema, "Ukifaulu, utanirudishia. Ukishindwa, utanirudishia mapema zaidi." Kiti niliazimwa na shangazi Kwamboka, na hicho kilikuwa kiti chake kimoja chenye mgongo, kilichokaliwa na mchungaji tu anapotembelea. Alikisindikiza hadi barabarani akimwambia mwenye bodaboda akishike kama mgonjwa. Jenereta niliazimwa na Mogaka. Nilimwuliza kwa nini ananisaidia ilhali hakuamini.

"Sikusaidii," akasema. "Nataka tu umeme usije ukawa kisingizio." Haikuchukua muda, naye akawa wa kwanza kuniletea simu zake stooni nizichaji.

Nilipata kazi kwa kampuni ndogo iliyonunua majani mabichi ya chai kwa wakulima wa upande wa Itumbe. Makarani wake walikuwa wakipima magunia kwa mizani na kuandika risiti kwa kalamu. Nikamwahidi meneja, Bwana Ratemo, kwamba mizani itaongea na kompyuta ndogo ya mkononi, na risiti itatoka yenyewe. Ratemo ni mtu wa maneno machache. Akanipa kituo kimoja cha kujaribia. Nikifaulu, napewa vituo vyote. Nikishindwa, kalamu zinarudi, nami narudi kwa Mogaka.

Programu ilifanya kazi. Ingetosha hapo. Lakini mimi siwezi kuacha kitu kizuri bila kukitia nakshi. Nikafikiri: hawa ni watu wa ukoo, kwa nini risiti iwasalimie kwa jina moja kama mfungwa? Nikaandika kipande nilichokiita Tafuta Baba. Ukipima majani, kipande hiki kinatafuta baba wa mkulima katika orodha ya kampuni, kisha kinajiita chenyewe tena kumtafuta baba wa huyo baba, na kinaendelea kupanda. Risiti ikawa inatoka na kilo, na chini yake: Kemunto wa Ombati wa Nyakundi. Wakulima waliipenda. Bibi mmoja aliikunja yake akaitia ndani ya Biblia. Siku hiyo nilitembea mjini kifua mbele, nikisubiri mtu aniulize habari ya risiti.

Mvua ikanyesha, majani yakawa mengi, foleni ikarefuka. Hapo ndipo mashine ikaanza kukwama. Haikukwama kwa wote. Watu watano wangepita vizuri, wa sita anafika, kimya. Kompyuta inawaza. Karani anaitazama, foleni inamtazama karani. Nanyi mnajua, au waulizeni wazazi wenu, majani mabichi hayasubiri. Yakibanwa kwenye gunia juani yanapata joto, yanakuwa mekundu, na kiwandani wanayakataa. Mtu ameamka alfajiri, amechuma kwa mgongo wake, na mazao yake yanaiva vibaya mbele ya macho yake kwa sababu ya kompyuta yangu.

Aliyeteseka kuliko wote alikuwa Mzee Nyabuto, mkulima mwembamba mwenye kofia ya sufu, iwe jua kali, iwe baridi. Kila alipoweka gunia lake kwenye mizani, mashine ilizimia.

"Ni mtandao, mzee," nikamwambia.

"Jana pia ilikuwa mtandao."

"Ndiyo, mtandao wa huku mlimani ni dhaifu."

Akageuka akamtazama mama aliyekuwa mbele yake, ambaye risiti yake ilitoka mara moja. "Kijana, hii mtandao yako inanijua kwa jina?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikaona ni utani wa mzee. Nikamwelezea kwa Kiswahili kirefu jinsi mawimbi yanavyosafiri. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, tata," kama wazee wetu wamwitavyo kijana kwa upole. "Na majani yangu yanasafiri lini?"

Siku ile lori la kiwanda liliondoka gunia lake likiwa bado halijapimwa. Alilimwaga shambani kama mbolea. Ratemo aliniita kando.

"Bwana Onsare, ningekuwa nimekufukuza leo. Lakini nakukopesha wiki moja. Ikiisha, tunarudi kwa kalamu."

Nikapanda stoo ya Jayesh bhai, nikawasha profaila. Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo nilipofanya ujinga ambao chuo hakikunifundisha; nilijifundisha mwenyewe.

Mlolongo halisi wa miito huwa mrefu na unachosha. Umejaa vipande vya mfumo na vya maktaba ambavyo hukuviandika. Kwa hiyo profaila hukupa chujio: unaiambia ifiche vipande fulani, na muda wa kilichofichwa inauhesabia kingine kinachoonekana. Kuna pia mkunjo: kipande kikijiita chenyewe mara nyingi, profaila inakunja marudio hayo yote yawe mstari mmoja, macho yapumzike. Ni vitu vizuri sana. Mimi nilikuwa nimevipanga vyote nikiwa bado Dubai, nikavihifadhi kama mtazamo wangu rasmi. Na katika chujio nilikuwa nimeficha vipande vyote vyenye jina langu.

Msinitazame hivyo. Nilikuwa na sababu. Niliona kwamba vipande vyangu nimevipima mwenyewe, vimetulia, havina haja ya kuchosha macho. Anayetafuta mwizi haanzi kwa kujipekua mifuko.

Basi nikaangalia, na profaila ikanionesha kwamba karibu muda wote unaliwa na maktaba fulani ya kusomea orodha, iliyoandikwa na watu wa mbali wasionijua. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi. Nikawaandikia waraka mrefu wa lawama, wenye aya nyingi na Kiingereza cha kuvaa tai, nikaeleza hasara ya wakulima, nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika "Diploma". Jibu lilikuja upesi, nalo lilikuwa sentensi moja ya adabu. Waliuliza: ni nani anayeiita mara nyingi hivyo?

Nilihisi nimetukanwa. Nikampigia Bi Rukia, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu kwao Tanga, nimwambie jinsi watu wa siku hizi wasivyo na heshima.

"Wamekuuliza swali jema," akasema. "Nani anaiita?"

"Hakuna, Bi Rukia. Inajiendea tu."

"Onsare. Umeficha nini?"

"Vya mfumo tu. Na vya… vilivyotulia."

"Vya nani hivyo vilivyotulia?"

Alicheka hadi nikasikia mtu mwingine nyumbani kwake akiuliza kuna nini. Kisha akaniambia, bila kupaza sauti, "Futa vichujio vyote. Fungua mikunjo yote. Mgonjwa hupimwa akiwa amevua shati."

Nikafuta vichujio. Jina langu likatokea juu ya ile maktaba, mstari mmoja tu: Tafuta Baba. Mmoja, mpole, kama mtoto aliyesimama karibu na chungu kilichovunjika. Nikafungua mkunjo. Mstari ukawa miwili, ukawa kumi, ukajaa skrini, ukashuka chini ya skrini. Tafuta Baba aliyeitwa na Tafuta Baba aliyeitwa na Tafuta Baba. Nikabonyeza kushuka hadi kidole kikachoka.

Nilijua sasa nani anaiita, lakini sikujua kwa nini anaita hivyo kwa mkulima mmoja na si kwa mwingine. Hapo nikafanya jambo moja la akili, na naliringia hadi leo. Profaila nyingine hukuruhusu kubandika lebo yako kwenye kila ngazi. Nikaiambia, kila mara Tafuta Baba anapoitwa, niandikie pembeni anatafutwa baba wa nani. Nikajaribu kwa namba ya mkulima wangu wa kofia ya sufu. Zikateremka: Nyabuto. Omwenga. Nyabuto. Omwenga. Nyabuto. Omwenga.

Jayesh bhai alikuwa amepanda na vikombe viwili vya chai. Akasimama nyuma yangu.

"Huyu bwana ana ukoo mrefu," akasema.

"Ni watu wawili tu, bhai."

"Wanafanya nini humo ndani?"

"Wanazaana."

Mmekwisha kuelewa, nyote mliolelewa huku. Kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyetangulia. Nyabuto ni wa Omwenga, na Omwenga ni wa Nyabuto yule wa zamani. Yule wa zamani alikufa kitambo, lakini shamba bado liko kwa jina lake, kwa hiyo naye bado yuko kwenye orodha ya kampuni. Programu yangu ilitafuta baba kwa jina. Ikamtafuta Omwenga, ikampata. Ikamtafuta Nyabuto baba wa Omwenga, ikampata Nyabuto wa kwanza iliyemwona, ambaye ni huyu aliye hai, amesimama pale na gunia. Mzee akawa babu yake mwenyewe. Na ingeendelea hivyo hadi kiama, ila kwa tahadhari nilikuwa nimeweka kikomo cha vizazi mia mbili, kikomo nilichojisifia sana mbele ya Ratemo. Kwa hiyo mashine haikufa, ingekufa ningeshtuka. Ilipanda vizazi mia mbili ikisoma orodha upya kila ngazi, kisha ikarudi ikihema na kuchapa majina matatu ya kwanza, ambayo yalikuwa sahihi.

Mtandao ulikuwa unamjua kwa jina kweli, kama alivyosema.

Nilikuwa nimeijaribu programu hiyo kabla ya kuileta. Nilibuni majina: Mkulima A, wa Mkulima B, wa Mkulima C. Sikuweka hata jina moja la nyumbani. Mimi Onsare wa Makori wa Onsare, niliyepewa jina la babu yangu mwenyewe. Ningeandika jina langu mara moja tu, mashine ingezimia mbele yangu, stooni, bila gunia la mtu.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi kuliko waraka wangu. Nikatafuta kwa namba ya mkulima badala ya jina, nikasimamisha safari kwenye majina matatu.

Siku ya mwisho ya ile wiki ya mkopo nilikuwa kituoni kabla ya karani. Ratemo alikuja na boksi la kalamu mpya chini ya kwapa, akaliweka mezani tulione. Mzee Nyabuto alikuwa nyuma kabisa ya foleni. Alikuwa amejizoeza kuwapisha wengine ili asiwacheleweshe. Nikamfuata, nikamwomba aje mbele.

"Wacha, tata. Wapite hao wenye bahati."

"Njoo tu, mzee."

Akaja shingo upande. Akatundika gunia. Hakuwa ameachia kamba, risiti ikatoka. Akaishika, akaisoma: jina lake, la baba yake, la babu yake. Akanitazama.

"Mtandao umenisahau?"

"Umekusahau, mzee."

"Vizuri. Lakini wewe usinisahau. Zile asubuhi zangu utanirudishia lini?"

Ratemo akachukua boksi la kalamu, akaondoka nalo. Hivyo ndivyo nilivyojua nimepata vituo vyote.

Mtaalamu wa kweli hulipa. Niliwalipa wote walionikopesha, watatu kati yao kwa siku moja. Ratemo nilikuwa nimekwisha kumlipa wiki yake kwa kuwafundisha makarani wa vituo vingine bure. Asubuhi ile nilimrudishia Jayesh bhai ufunguo, na stoo ikiwa imepakwa rangi upya, rangi niliyoinunua dukani kwake mwenyewe, na hakunipunguzia. Nilimpelekea shangazi Kwamboka kiti chake, nimekitia ngozi mpya. Akakizunguka, akakitikisa, kisha akakikalia. Miaka yote sikuwahi kumwona akikikalia. Masimba nikashusha jenereta ya Mogaka, tangi limejaa.

"Sasa umerudisha," akasema, "na simu nitachaji wapi?"

Nikabaki na asubuhi za Mzee Nyabuto. Kesho yake nilifika shambani kwake jua likiwa bado changa, nikajifunga kapu mgongoni, nikachuma. Kanuni ni majani mawili na chipukizi, kila mtoto wa huku anaijua. Mimi nilichuma kwa kasi, kwa mikono miwili, nikimpita mzee mistari mitatu, nikamwambia kwamba kazi ni mbinu. Tulipofika kituoni karani akatia mkono kwenye gunia langu, akatoa majani magumu ya chini, vijiti, na kitu kilichoonekana kama jani la mparachichi.

"Haya niyaandike kwa namba ya nani?"

"Si kwa yangu," akasema Mzee Nyabuto, akarudi nyuma hatua moja. "Mwandike mwenyewe. Shamba la baba yake liko kwenye mashine."

Karani akaandika. Risiti ikatoka mara moja, safi kabisa, mashine haikuhema hata kidogo: Onsare wa Makori wa Onsare. Kilo zilizokubaliwa, sifuri.

Mzee aliisoma, akaisoma tena, akaikunja akaitia ndani ya kofia yake ya sufu.

"Mzee, nirudi kesho nimalizie deni?"

"Hapana, tata. Umelipa. Ukirudi kesho, mimi ndiye nitakuwa nakudai tena."